Kuvua Si Kukata

Juzi nilimkuta kijana wa mtaani petu kashika msumeno, yu tayari kulikata paa la Land Rover aliyoachiwa na marehemu babake. Wazee wa barazani wakamkemea: "Mwacha asili ni mtumwa!" Mimi nasema pande zote mbili zimekosea.

Asili ya gari hilo ni ipi? Lilipoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, lilikuwa limevaa turubai. Paa la bati lilifuata baadaye. Basi kulivua paa na milango si kulivunjia heshima, ni kulirudisha utotoni mwake. Na kwa joto hili la kaskazi, nani asiyetaka upepo?

Lakini msumeno wa nini? Paa hilo limefungwa kwa bolti, juu ya kioo cha mbele na ubavuni mwa bodi, nalo hufunguka. Ni kazi ya spana na watu wanne wa kuinua. Hapa pwani chumvi huila alumini inapogusana na chuma, na nati hushikwa na kutu. Mwenye subira huzitia mafuta, akazilaza hadi asubuhi. Kisha bolti hutiwa koponi, paa na milango vikahifadhiwa bandani mpaka masika. Na gari lisilo milango lisipakie watoto wasiofungwa mikanda.

Kijana, weka msumeno. Urithi huvuliwa, haukatwi. Kilichovuliwa hurudi; kilichokatwa kimekwenda.