Dozi ya methadoni isogezwe karibu na mgonjwa



Kuna kero inayozitesa familia nyingi hapa Dar es Salaam: mgonjwa wa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kulazimika kuifuata dozi mbali na kwake kila siku, mwaka mzima, iwe Jumapili, iwe Idi au Krismasi.

Mdogo wangu ni fundi rangi. Alianza kwa kuvuta unga, yaani heroini, baadaye akawa anajidunga. Nyumbani tulimfungia ndani, tukampeleka kijijini kwa babu, tukamlipia soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu waache. Kila akitoka, baada ya muda anarudi maskani. Hilo ndilo linaloua vijana wetu: mtu akikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uwezo wa kuuhimili, na siku akirudia kipimo alichokizoea zamani pumzi inakata. Mtaani kwetu tumezika vijana waliokuwa wametoka soba wakiwa wamenenepa na wanapendeza.

Methadoni ndiyo iliyomrudisha. Najua wapo wanaosema ni kumtoa mtu kwenye ulevi huu na kumtia kwenye ule, na maneno hayo yananiuma kwa sababu wanaoyasema hawajalala chumba kimoja na mtu mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga. Heroini inakaa mwilini saa chache tu, kisha mtu anaanza kupiga miayo, makamasi yanamtoka, anaharisha, mifupa inamuuma, na atauza hata sufuria yenye ubwabwa ili apate kete. Methadoni inashika sehemu zilezile za ubongo, lakini inaingia polepole na kukaa zaidi ya saa 24. Aliyepata kipimo chake sahihi halewi wala hatetemeki. Anaamka, anaoga, anakwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, miaka mitatu na zaidi kabla ya wenzetu wa Kenya. Inatolewa bure. Kwa hilo naishukuru serikali kwa moyo wote.

Sasa tazama siku ya mgonjwa anayeishi pembezoni mwa jiji. Anatoka alfajiri, anapanda daladala mbili, anapanga foleni. Akifika dirishani anapewa kikombe chenye dawa ya maji, anakunywa mbele ya muuguzi, kikombe kinasuuzwa kwa maji na yale maji anayanywa pia, kisha anatamka jina lake ili ionekane amemeza. Shughuli yote dirishani haifiki dakika mbili. Kwa hizo dakika mbili asubuhi nzima imekwenda, na kwenye saiti msimamizi ameshampa kibarua mtu mwingine. Dawa ni ya bure, nauli si ya bure. Siku nauli ikikosekana, jioni arosto inaanza kubisha, na muuza unga yuko hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Akikosa siku tatu mfululizo, harudishiwi kipimo chake cha awali. Anapimwa upya na kuanzia chini. Kitabibu ni sawa kabisa, maana mwili umeshapunguza uwezo wa kuihimili. Lakini anayeadhibika ni mtu aliyekosa nauli.

Nawaelewa wataalamu wanaoogopa kutoa dozi ya kwenda nayo nyumbani. Methadoni si panadoli: kipimo anachokunywa mdogo wangu na kwenda kazini kinaweza kumuua mtoto, na ikizagaa mitaani itauzwa. Ila woga huo usifanye wagonjwa wote wahesabiwe kuwa wezi daima. Marekani, korona iliposhika kasi Machi 2020, kliniki ziliruhusiwa kuwapa wagonjwa waliotulia dozi za hadi siku 28, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Sisi hatuombi siku 28. Tunaomba mgonjwa ambaye vipimo vya mkojo vinaonyesha hatumii tena, mwenye kazi na ndugu wa kumsimamia, apewe walau dozi ya Jumapili katika chupa ya kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, na sisi ndugu tuweke sahihi.

Kwa waliobaki, ombi langu halihitaji kumwamini mtu yeyote. Kikombe kilekile, muuguzi aliyefundishwa, daftari na kabati la kufuli viwekwe kwenye vituo vya afya vya kata. Kipimo kipangwe na daktari wa kliniki kubwa kama ilivyo sasa, mgonjwa arudi kwa daktari huyo kwa miadi, lakini unywaji wa kila siku ufanyike karibu na anapoishi. Dawa za kifua kikuu zinafuatwa zahanati, za virusi vya UKIMWI mtu anapewa za miezi. Huyu wa methadoni ndiye tumemwachia safari ndefu kuliko wote, wakati ndiye mwenye mshawishi anayemsubiri njiani.

Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya watuambie hadharani: ni vituo gani vya kata vitaanza kutoa dozi, na vitaanza lini?

Dada wa mgonjwa,
Dar es Salaam