Safari ya binti wa Siyu na wazee waliozama

Makala yenu imewataja mabaharia wa Kichina na kumpita haraka Mwamaka Sharifu, na hapo ndipo penye utamu. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu baharia wake Zheng He aanze safari zake, binti huyu wa Siyu, kisiwani Pate, Kenya, alialikwa China. Baadaye akapata ufadhili wa serikali ya China kusomea utibabu wa jadi mjini Nanjing.

Kwao Siyu, wahenga wanaosimuliwa ni wa mbali mno: mabaharia ambao merikebu yao, kwa masimulizi ya wazee, ilivunjika karibu na Shanga, kisiwani humo humo. Waliosalimika wakafika pwani, wakasilimu, wakaoa.

Merikebu yenyewe haijathibitishwa. Lakini vigae vya China vilifukuliwa Shanga, na mwaka 2013 sarafu ya mfalme Yongle, yule yule aliyemtuma Zheng He, ilipatikana kisiwa jirani cha Manda. Hayo yanathibitisha biashara, si nasaba.

Hata hivyo si haki kuyabeza masimulizi ya Siyu. Mtu wa huko huanza safari ya ng'ambo kwa kungoja maji yajae boti ipite mkondo wa Mkanda, ndipo afike Amu (Lamu). Ya ndege na viza huja baadaye. Binti aliyeyapitia hayo kuifuata nchi ya wahenga wake anastahili zaidi ya mstari mmoja.

Mhariri, tuma mwandishi Siyu awarekodi wazee wangali hai.