Daftari la Michango Lisiishie Sandukuni

Mama mmoja wa upande wa Newala atuuliza: kigango chao chataka bati, nao wamechoka kupitisha kikapu, je, wenzao wa Masasi hufanyaje?

Swali jema. Huku Umakondeni njia si haba. Wako wanadio jogoo na mkungu wa ndizi baada ya Misa, wako walimao ufuta pamoja, na msimu wa korosho ukifika, kila nyumba yaweza kutoa kilo moja. Lakini nani aliyeandika? Katibu akihama, daftari huondoka naye, ama huliwa na mchwa, na wafuatao huanza upya.

Vijana wetu wana simu. Basi waziandike njia hizo katika intaneti, kila mtu azisome bure. Yawezekana: Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, waandishi wake hujitolea, na gharama za mitambo hulipwa hasa kwa michango midogo ya wasomaji. Nasi tusimtoze msomaji hata senti. Vigango kumi vikitoa kilo moja moja ya korosho, mwandishi atapata fedha ya vifurushi.

Ila yaandikwe yote: kilichopatikana, kilichotumika, hata mnada uliokosa wanunuzi kwa kuwa ulifanywa miezi ya njaa, fedha za korosho zimekwisha. (Makatibu hupenda kulificha hilo!) Nalo ndilo litakalokufaa zaidi, mama. Bati lingoje msimu. Jogoo mfuge sasa.