Msiwacheke Wazee wa Doctor Who

Kule Uingereza kuna watu wazima, wengine na wajukuu, ambao hadi leo wanapekua maduka ya vitabu vilivyotumika wakitafuta kijitabu cha mwaka 1972 chenye jalada lililochakaa. Si riwaya. Ni kitabu kinachoeleza jinsi tamthilia ya televisheni ilivyotengenezwa, pamoja na orodha ya hadithi zake. Mwanachuo mwenye bando atauliza: orodha? Si ipo kwenye simu, bure kabisa?

Ipo, ndiyo. Lakini sikilizeni kwanza.

Tamthilia yenyewe ni Doctor Who ya BBC, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963. Jamaa mmoja wa ajabu anasafiri katika nyakati na sayari mbalimbali ndani ya kibanda cha polisi cha bluu, ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Watoto wa Uingereza waliipenda kupita kiasi, halafu BBC yenyewe ikaifuta. Mikanda ya video ilikuwa ghali, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atataka kununua kipindi akakiangalie kwao. Kwa hiyo vipindi vingi vya miaka ya 1960 vikafutwa ili mikanda irekodiwe mambo mengine. Sauti zake zote zipo, kwa sababu mashabiki waliweka vinasa sauti karibu na televisheni zao. Picha za makumi ya vipindi hazipo.

Sasa jiweke mahali pa shabiki wa mwaka 1975. Kipindi kikipita, kimepita. Kitabu cha The Making of Doctor Who, cha Malcolm Hulke na Terrance Dicks, wote waandishi wa tamthilia hiyo, ndicho kilichomwambia nini kilitokea kabla hajawa na akili ya kukumbuka. Mwaka 1981 Jean-Marc Lofficier akatoa The Doctor Who Programme Guide, juzuu mbili: moja ya hadithi kwa mpangilio, nyingine ya viumbe, sayari na majina kuanzia A hadi Z. Kwa hadithi nyingine, mistari ile michache ndiyo ilikuwa karibu kila kitu alichoweza kupata. Unasoma kwamba majitu ya chuma yanaamka makaburini, mengine unayajazia kichwani mwako, na kichwani bajeti haiishi.

Utamu ulikuwa hapo, na kusema kweli matatizo pia. The Tomb of the Cybermen ya mwaka 1967 ilisifiwa miaka na miaka na hakuna aliyeweza kuhakikisha. Nakala ikapatikana Hong Kong, ikatoka kwenye video mwaka 1992, na baadhi ya watu wakagundua kuwa ni kipindi kizuri tu, chenye waya zinazoonekana. The Gunfighters ya mwaka 1966 ilipata kinyume chake: ilipondwa sana hadi watu walipoitazama wenyewe, na wengine wakacheka na kuifurahia. Maoni ya watu wachache waliobahatika kuona yaligeuka sheria. Hata majina yaligombaniwa. Hadi mwaka 1966 kila kipindi kilikuwa na kichwa chake, basi mashabiki wakabishana miaka mingi kama hadithi ya kwanza iitwe An Unearthly Child au 100,000 BC. Watu hao wangefaa sana bunge letu la wanafunzi.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wao. Kitabu kile kina ukurasa wa mwisho. Mtu aliketi, akaamua nini kiingie na nini kibaki nje, akaweka jina lake jaladani. Ukimaliza kukisoma unaweza kugombana naye.

Halafu tusijidanganye kwamba kufuta ni mambo ya kale. Mei 2023 Disney+ iliondoa tamthilia zake yenyewe, ikiwemo Willow, ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka tangu ianze. Doctor Who walau ilikuwa na makopo ya filamu yaliyouzwa nje. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria, vilikobaki kwenye rafu ya kituo cha televisheni. Tamthilia ya mtandaoni haimwachii mtu kopo la filamu. Wewe unayesema unaipenda ile ya kwako, unayomaliza msimu mzima usiku mmoja kabla ya mtihani, umeandika nini kuihusu?

Kati ya vilivyorudi kutoka Jos vimo vya The Web of Fear. Sehemu tano kati ya sita sasa zinatazamika. Ya tatu bado haipo, na mashabiki wanaifuata kwa sauti, kwa picha mnato, na kwa yale yaliyoandikwa vitabuni.