Grafu Isiyoogopa Fotokopi

Jarida la tiba huandaliwa mbele ya kompyuta yenye rangi zote, lakini husomwa kwingine. Nakala moja ikifika Mbagala au Bunju, ukurasa wenye manufaa hupelekwa kwenye duka la steshenari, hutolewa kopi nyeusi, kisha hubandikwa ukutani mwa zahanati. Kopi ya rangi ni ghali, na hapana muuguzi wa kulaumiwa kwa kuiepuka. Hata pale Mbagala Rangi Tatu, inayobaki ni moja tu: kijivu.

Hapo ndipo grafu nyingi hupoteza maana. Chukulia mchoro wa wagonjwa wa kifua kikuu waliomaliza dawa: Kinondoni mstari mwekundu, Temeke wa kijani, Ilala wa njano. Kanuni inayotumika sana katika kompyuta kugeuza rangi kuwa kijivu huipa kijani uzito wa asilimia 59, nyekundu 30 na buluu 11. Kwa hesabu hiyo, nyekundu kamili na kijani kilichopunguzwa mwanga kwa nusu huzaa kijivu kilekile, ilhali njano hukaribia weupe wa karatasi. Msomaji huachiwa mistari miwili pacha na wa tatu uliofifia. Akikisia, Temeke yaweza kusifiwa kwa kazi ya Kinondoni, na watumishi wakapelekwa pasipo na uhitaji.

Mfano mwema upo kliniki. Katika chati za ukuaji wa mtoto zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, mstari wa kati ni wa kijani, wa −2 ni mwekundu na wa −3 ni mweusi. Rangi zikipotea, kila mstari bado una namba yake mwishoni. Mama akileta kopi iliyochakaa, mhudumu huona kwamba nukta ya mtoto imeshuka chini ya −2 katika uzito kwa umri, naye huanza kushughulikia uzito pungufu bila kubahatisha.

Yapo pia macho yasiyotofautisha vyema nyekundu na kijani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni takriban 1 kati ya 12. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na baadhi yao ni waganga.

Rangi na itumike, ila isiachiwe kazi peke yake. Jina la wilaya liandikwe mwishoni mwa mstari wake badala ya kufichwa pembeni. Mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa vistari, mwingine wa nukta. Anayetaka rangi achague buluu iliyokoza na chungwa hafifu, kwani hizo hutofautiana hata kwa wino mweusi. Wapo waandishi wanaolalamika kuwa ukurasa hupoteza mvuto. Mvuto huo humfaa nani, ikiwa muuguzi wa Temeke hawezi kuusoma?

Wahariri wana uwezo wa kulimaliza jambo hili. Kila andiko lije na grafu zake zimechapwa kwa wino mweusi, na isiyosomeka irudishwe kwa mwandishi kabla wapitiaji hawajaiona.