Tusisome Mstari Mmoja Tukafunga Kitabu

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliotutangulia katika shule hii, nina neno moja ambalo limenikaa moyoni.

Kila Jumapili baadhi yetu hutumwa wawili wawili kufundisha Biblia katika makanisa ya vijiji vilivyo karibu. Kazi hiyo ni njema, wala sina nia ya kuishusha. Lakini naona twaifanya kwa haraka mno. Mfano wa kosa nitautoa kwangu mwenyewe, nisije nikamsema mtu.

Mwaka jana niliombwa kusema na watoto waliokuwa karibu kufanya mtihani wa darasa la saba. Nilichagua Yeremia 29:11, mstari ambao wengi wetu tumeuandika katika majalada ya madaftari yetu. Humo Mungu awaahidi watu wake amani na tumaini. Mimi nikawaambia watoto kwamba maana yake ni moja tu: aaminiye atashinda mtihani. Walifurahi, nami nikarudi shuleni nikijiona mhubiri hodari.

Matokeo yalipotoka, mtoto mmoja aliyezoea kukaa mbele hakufaulu. Hakuja tena kanisani. Siku moja nilimkuta njiani amebeba maji, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, ni Mungu aliyesema uongo, au ni mimi sikuamini?” Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilifanya jambo lililonipasa kulifanya tangu mwanzo: nilisoma sura nzima, na ile iliyoitangulia. Nikaona kwamba maneno yale yalikuwa barua. Yeremia aliipeleka kutoka Yerusalemu kwa watu ambao mfalme Nebukadreza alikuwa amewachukua mateka mpaka Babeli, yapata mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 10, jirani kabisa wa ule nilioupenda, wataja miaka 70 kabla ya kurudi kwao. Tena barua yawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na kuuombea heri mji ule ule wa adui zao. Wengi walioisikia hawakutazamia kuishi mpaka siku ya kurudi.

Katika sura ya 28 yumo nabii Hanania, aliyewaambia watu kwamba taabu itakwisha kwa miaka miwili tu. Huyo alikuwa nabii wa uongo. Niliposoma hapo nilitahayari. Nilidhani nimefundisha kama Yeremia, kumbe nimefundisha kama Hanania.

Hata lugha ingalinionya kama ningalisikiliza. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi, lakini Biblia yetu ya Kiswahili yasema “ninyi”. Ahadi ile ilikuwa ya watu wote waliohamishwa, wala haikuwa hati ya mtu mmoja kupata atakalo.

Wengine watasema kwamba Roho Mtakatifu ndiye mwalimu, na maswali ya nani na lini ni ya wasomi wa chuo. Sikubali. Katika Matendo 8 twasoma juu ya towashi wa Ethiopia aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya garini. Roho ndiye aliyemtuma Filipo kwake. Hata hivyo Filipo alianza kwa kumwuliza kama aelewa anachosoma. Na towashi naye alitaka kujua nabii alikuwa akisema juu ya nani. Basi kuuliza hakupingani na imani.

Nasi wa Uganda tuna urithi katika jambo hili. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 alifundisha kwa Maandiko ya Kiswahili, maana Biblia nzima ya Kiluganda haikupatikana mpaka mwaka 1896. Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na katika Kiluganda neno la kusoma hutumika pia kwa kusali. Haifai sisi, tulio warithi wao, tuwe wasomaji wa mstari mmoja.

Shauri langu ni hili. Kila atakayetumwa Jumapili asome sura nzima siku ya Ijumaa. Amweleze mwenzake nani alisema, alisema na nani, na kwa sababu gani. Ndipo aulize neno hilo latufaa nini leo. Na akiisha kufundisha, aache nafasi ya maswali, maana kuuliza si ujinga.

Nilirudi kwa yule mtoto nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Tukaisoma barua yote pamoja. Tulipofika penye kujenga na kupanda katika nchi ya taabu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hilo naweza.” Sasa anarudia darasa la saba, na Jumapili huja kanisani. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuniuliza, “Mwalimu, mstari uliotangulia wasemaje?”