Mlango mmefunga, swichi mmeiacha wazi

Wadau, leo nina hasira.

Jumatatu mwenzetu mmoja kaja maabara ya kompyuta na karuta kake ka nyumbani, kachomeka kebo ukutani. Kale karuta kakaanza kugawa anwani za IP. Kila kompyuta iliyowashwa baada ya hapo, mpaka ofisini kwa wahadhiri, ikachukua anwani kwake na kukosa intaneti. Na ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kusajili kozi! Jumanne tangazo mlangoni: marufuku wanafunzi kuingia na laptopu. Foleni ya kompyuta za maabara mnaijua wenyewe.

Aliyekosea yupo, sikatai. Lakini hivi, kebo ya mwanafunzi inafikaje ofisini? Fundi kanionyesha: swichi ya poti 24, yenye uwezo wa VLAN, poti zote ziko VLAN 1 kama ilivyotoka kiwandani. Tumenunua basi, tunalisukuma!

Tuelezane kiualimu. VLAN ni mikondo. Kidato cha kwanza A na B wako shule moja, ila mwalimu akiuliza swali A, wa B hawasikii. Kiwango chake, IEEE 802.1Q, kipo tangu 1998: kila fremu inayopita kati ya swichi na ruta inabandikwa lebo ya baiti 4, na namba zinazotumika ni 4094. Sisi tunaomba tatu tu: ofisi 10, maabara 20, laptopu 30. Kila poti ipangiwe mkondo wake, poti ya kwenda kwenye ruta ibebe yote mitatu, ruta iambiwe 30 asiingie 10. Kisha mpangilio uhifadhiwe, la sivyo umeme ukikatika mnaanza upya.

Wabishi watasema VLAN haiongezi spidi. Kweli, haiongezi. Na karuta kakirudi kataharibu mkondo wa 30, mpaka swichi izuiwe kupokea majibu ya DHCP kutoka poti za wanafunzi. Ila ofisi itaendelea na kazi, na hakuna atakayefukuzwa.

Hapa tunafundishwa kwamba mwalimu anayetoa darasa zima nje kwa kosa la mmoja hajui kulimudu darasa. Sasa lile tangazo tuliiteje?

Mnasemaje wadau?